Panya wa Malewa ya Mama Nadège

Kila asubuhi, kabla ya kufungua malewa yake, Anastasie aligonga mlango kwa mwiko. Aligonga mara tatu, halafu akasimama nje akiangalia ziwa na kuhesabu polepole mpaka kumi. Ndani, nyuma ya mbao, ungesikia vishindo vidogo kama mvua inayoanza juu ya bati: kwanza vingi, halafu vichache, halafu kimya. Ndipo aliposukuma mlango. Alikuwa anawapa panya nafasi ya kuondoka, ili asiwaone. Alijiambia kwamba kitu ambacho macho yako hayajakiona, hakuna mtu atakayekuuliza habari zake.

Watu wa Baraka, mji ule wa kando ya ziwa, walimwita Mama Nadège, kwa jina la binti yake aliyeolewa Uvira. Malewa yenyewe ilikuwa kibanda cha mbao kwenye njia inayoshuka bandarini: meza tatu, mabenchi sita, mbabula mbili, majiko ya mkaa ambao Baraka huitwa makala. Watu walikuja kula bugali, sombe ya majani ya mihogo, na ndagala, dagaa wa ziwa, alizopika kwa nyanya na mawese mpaka wapakiaji wa mitumbwi wakalamba sahani bila haya. Nyuma kulikuwa na chumba kimoja, na humo alilala yeye na mama yake mzazi, Koko Georgette.

Kile chumba ndicho kilichokuwa kila kitu. Miaka sita nyuma, kijijini kwao huko juu milimani, watoto wawili wa jirani walikufa ndani ya juma moja. Vijana wakaja mlangoni kuuliza Koko Georgette anaficha wapi sumu yake. Mzee wa watu hakuwa na kitu. Alikuwa na mbuzi mmoja na kikohozi. Nyumba ikachomwa. Anastasie akampitisha mama yake katikati ya mashamba ya mihogo, wakashuka kwa miguu mpaka Baraka, na tangu siku ile neno sumu halikutamkwa tena kati yao. Hata dawa ya mbu Anastasie aliiita "ile kitu ya kupuliza". Kaka zake walimwambia wazi: we dada, kuya, nyumba iko; lakini ule mama, hapana. Kwa hiyo malewa ikifungwa, Koko Georgette hana pa kulaza kichwa. Hilo Anastasie alilijua akila, alilijua akilala.

Ilikuwa wakati wa kolera, kipindupindu. Nyuma ya hospitali walikuwa wamesimamisha mahema meupe, na kila mtu alikuwa na jirani, au jirani ya jirani, aliyelazwa humo. Siku ya pili ya juma asubuhi akaingia Wilfried, mkaguzi mrefu aliyepima usafi wa malewa zote za mji. Watu walimwita Chef. Mkononi alikuwa na kaye, daftari lake la kazi, tochi na kipande cha chuma.

"Jambo, Mama Nadège."

"Jambo, Chef. Ikala, chai inakuya."

"Leo siikale. Leo niko ku kazi."

Akavuta gunia la bunga la mihogo kutoka ukutani, akamulika. Pale chini palijaa vitu vyeusi kama punje za mchele ulioungua. Akagusa sanduku la makala kwa chuma chake, na mende wakamwagika kama watu wanaotoka ibadani.

"Hii ni nini, mama?"

"Iko mavi ya panya, Chef."

"Najua iko mavi ya panya. Nauliza inafanya nini pembeni ya bunga."

Anastasie akaangalia miguu yake. "Panya haiombake ruhusa, Chef."

Kwenye benchi, Darius, mpakiaji wa bandarini, mwenye mdomo usiojua kufungwa, akacheka. "Andika mu kaye, Chef: panya nayo ni kiliya, ni muteja kama mi. Tena yeye anakuyaka kila siku kunipita!"

"Darius, nyamaza. Ile maji uliingiza mukono sasa hivi, umenawa wa ngapi?"

Kwa Mama Nadège watu walinawa kwa desturi ya nyumbani: beseni moja, linaanza kwa mkubwa linaishia kwa mdogo, na mkubwa akishanawa hakuna anayemwaga maji yake. Kuyamwaga ni kama kumwambia kwamba mikono yake inanuka.

Darius akahesabu vichwa. "Mi niko wa tisa."

"Wa tisa! Na wa kwanza alikuwa anatoka wapi?"

Darius akalitazama beseni, akatazama tonge lake, akaliweka kwanza.

Wilfried akaandika sana. Choo kilikuwa hatua sita kutoka mbabula, na yeye akazipima tena mara ya pili kwa miguu yake mirefu, zikawa tano. Pipa la maji ya ziwa halikuwa na kifuniko. Ukuta wa mbao, upande ule wa depo, ghala la mahindi la jirani, ulikuwa na matundu ya kupitisha ngumi. Alipomaliza akashusha sauti.

"Mama, mi nilikula hapa siku ya tano ya juma iliyopita. Nilikuya na bibi yangu, mama ya batoto bangu. Unaona vile unanifanya?"

"Unisamehe, Chef."

"Siku ya kwanza ya juma inayokuya narudia. Nikikuta hata mavi moja tu ya panya, napiga rangi nyekundu ku mulango. Na mulango ya rangi nyekundu, we unajua, haifungukake tena."

"Na depo, Chef? Panya inazalia kule, inakuyaka kula kwangu."

"Depo haiko kazi yangu," alisema Wilfried, na kweli alionekana kuona aibu. "Mi balinipa liste ya malewa tu."

Basi siku ya tatu Anastasie akafunga malewa, na siku zile hakukaa. Alikuwa na mwenzake wa kazi, Fébronie, mama wa Kirundi kutoka kambi ya Lusenda, mwenye mikono migumu na roho laini. Wawili wale walichimba choo kipya mbali, kule kwenye migomba, wakafukia cha zamani kwa majivu na udongo. Walipaka chokaa. Walifunika pipa. Walinunua ndoo yenye robine, bomba dogo la kufungua, na wateja waliopita njiani wakaambiwa kwamba malewa ikifunguliwa kila mtu atanawa kwa maji yake mwenyewe. Wazee wawili walinuna, wakasema huyu mama sasa anawaogopa kama wagonjwa. Mende waliisha kwa maji ya moto, siku mbili nzima za kumwaga maji ya moto.

Panya hawakuisha.

Fébronie aliazima paka. Yule paka alikula ndagala, akapanda juu ya gunia la bunga, akalala. "Huyu si askari," Fébronie alisema, "huyu ni mugeni." Mtego uliua wawili. Waliziba matundu kwa makopo yaliyopondwa na saruji, na asubuhi wakakuta matundu mapya pembeni ya saruji, udongo bado mbichi. Ukiua wako, wanakuja wa depo. Ni kama kuchota ziwa kwa kikombe.

"Mama," Fébronie akasema, "tufanye je?"

Anastasie alitega sikio. Alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye ukuta mweupe, na nyuma ya mgongo wake alisikia wanakwaruza.

Siku ya tano ya juma akaenda sokoni peke yake. Pale kuna mtu anayetembea na kipaza sauti: "Dawa ya panya! Baba anakula, mama anakula, batoto banakula, mupaka bashemeji na babukwe! Bote, barabara moja!" Watu wanacheka, wananunua. Anastasie hakucheka. Alinunua vipakiti vinne, akavifunga kwenye pembe ya kitenge chake, akarudi akitembea haraka kama aliyeiba.

Mara ya kwanza alichanganya na bugali. Panya wakaipita. Panya wa Baraka wamelelewa na ndagala, bugali tupu hawaioni. Kwa hiyo siku ya posho, inayotangulia siku ya Mungu, mchana, baada ya kufunga mlango, alichukua ndagala kutoka kwenye kitunga chake kikubwa, akazilowesha kwa mawese na zile chembe nyeusi za dawa, akazipanga kwenye vifuniko vya makopo, kumi na vitatu, chini kabisa kufuata ukuta. Fébronie alikuwa ameshaenda kwake kambini.

Alibaki mama yake.

Ili umwelewe Koko Georgette, lazima ujue kwamba alishakimbia vita mara tatu na kuvuka ziwa mara mbili. Kule kambini Tanzania, siku za kugawa chakula, malori yalimwaga punje mchangani, na yeye alikuwa anapiga magoti anaokota mahindi moja moja mpaka jua linazama. Kwa zile punje aliwakuza watoto wanne. Tangu hapo, chakula kikianguka, haulizi. Anainama, anaokota, anaosha. "Chakula hakilalake chini," anasema. Anastasie alimzoea hivyo, kama mtu anavyozoea mlio wa saa.

Siku ya Mungu asubuhi, akijifunga kitambaa cha kwenda ibadani, alisimama mbele ya mama yake. Alitaka kusema. Neno lilifika kwenye ulimi. Akamwona mzee ameketi kwenye mkeka, anapepeta maharage, macho yake yenye ukungu yameelekea mlangoni kama ya mtoto anayengoja kuitwa. Utamwambiaje mtu aliyechomewa nyumba kwa ajili ya neno lile kwamba leo umelileta mwenyewe ndani?

"Mama," akasema, "leo usiingie kule mu malewa."

"Juu ya nini?"

"Chokaa haiyakauka."

"Ndiyo, mwanangu."

Akaenda. Mahubiri yalikuwa marefu, na hakusikia hata neno moja.

Aliporudi, alikimbilia malewa kabla ya kuvua viatu. Vifuniko vyote kumi na vitatu vilikuwa vitupu, vinang'aa. Na kando ya mfereji, upande wa depo, walilala panya watatu wakubwa, meno nje. Anastasie akapiga magoti pale pale kwenye chokaa. Alilia, akacheka, akasema asante Mungu, asante Mungu. Akawazika panya, akachoma vifuniko, akafagia mpaka mikono ikauma. Wala hakujiuliza panya gani analamba kifuniko kikang'aa vile.

Siku ya kwanza ya juma Wilfried akaja na kaye yake na kopo la rangi nyekundu. Alivuta magunia. Alimulika chini ya meza, nyuma ya mbabula, ndani ya sanduku la makala. Alipiga goti akapitisha kidole chini kabisa ya ukuta, akakitazama. Kilikuwa cheupe, chokaa tupu.

"Mama Nadège," akasema, "we ni mwanamuke kweli."

Akatoa karatasi ya ruhusa, akaweka kashe, muhuri wake, na Anastasie akaipigilia ukutani kwa msumari. Malewa ilikuwa imefungwa tangu siku ya tatu, kwa hiyo watu walishangilia kama vile harusi imefika. Wapakiaji wakajaa. Darius alinawa kwenye robine akionyesha kila kidole.

"Muone! Sasa tunanawa kama bakubwa ba bureau! Mama, mi unipe ya kwanza, ndagala zijae, juma nzima nimekula hewa."

"Na mi pia," Wilfried akasema, akiweka kopo la rangi chini ya benchi. "Leo naikala."

Anastasie alikuwa amepika sufuria nzima, kitunga chote alichokuwa nacho, kwa furaha. Yeye na Fébronie walipakua sahani tisa. Ndipo Koko Georgette alipotokea kwenye mlango wa nyuma na fimbo yake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyengoja kushukuriwa na hajashukuriwa, akaamua aje mwenyewe kudai.

"Anastasie."

"Mama, ikala, nakuletea."

"Siombi chakula. Nataka kukuuliza. Ni nani alikufundisha kutandika ndagala chini, mu vifuniko, kama za imbwa? Nilisikia harufu ya mawese nikaingia. Nilitoa zote zilizobakia, nikapangusa vifuniko. Zilikuwa na uchafu mweusi mweusi. Nilizisafisha na maji ya moto mara mbili, nikaanika ku bati, nikarudisha mu kitunga. Hata moja haikupotea."

Alisema polepole, kwa Kibembe nusu na Kiswahili nusu, na hakuna aliyemsikiliza isipokuwa binti yake. Watu walikuwa wanakula bugali na kupiga kelele.

Anastasie alisimama na mwiko mkononi. Alitazama meza. Wengine walikuwa bado wanakanda tonge la kwanza. Wilfried alikuwa anapuliza sahani yake, ya moto sana. Kulikuwa bado na njia. Unaweza kusema imeungua. Unaweza kusema nzi ameanguka. Kwa nzi karatasi itatoka ukutani, lakini mama atabaki na chumba, na jina lake litabaki limelala.

"Samahani," akasema, akaanza kuwanyang'anya sahani, moja, mbili, haraka, akizirundika mkononi. "Samahani, imeungua. Nabadilisha. Leteni, leteni."

"Kuungua wapi!" Wilfried alishangaa, lakini akaachia.

Akafika kwa Darius. Darius aliikumbatia sahani kama mtoto. Ilikuwa imebaki rojo na vichwa viwili vya ndagala.

"Hii haikuungua, mama! Iko sukari! Mi nilishamaliza, uniongeze tu."

Anastasie alimwangalia yule kijana, jasho la mzigo bado kwenye shingo yake, mawese kwenye kidevu. Sahani zikaanguka.

"Darius, tapika."

"Eh?"

"Ingiza kidole, tapika! Iko sumu. Iko sumu ya panya."

Benchi likapinduka. Watu wote walikuwa wima, wengine wanatema mate, wengine wanashika koo. Darius alicheka kidogo, akidhani ni mzaha, halafu akaona uso wa mama yule na kicheko kikakatika. Wilfried ndiye aliyefanya kazi. Alimwinamisha, akamwingizia vidole, akamnywesha maji ya chumvi, akapiga mluzi barabarani akisimamisha moto, pikipiki ya kubeba watu. Wakampandisha katikati ya watu wawili, wakaondoka kuelekea hospitali, honi ikilia.

Na mtu akauliza, kama ilivyobidi: "Nani aliweka?"

Koko Georgette alifungua mdomo. "Ndagala ni mi nili..."

"Ni mi!" Anastasie alipaza sauti mpaka ikapasuka. "Ni mi niliweka, ni mi nilipika, ni mi nilikosea kitunga! Mama hajue kitu! Mama haone hata vizuri! Ni mi!"

Lakini neno lilikuwa limeshatoka mlangoni. Neno kama lile halihitaji moto wala tairi. Kabla habari ya Darius haijafika, njia ilikuwa imejaa, na kutoka nyuma, kwa wauza nyanya, mwanamke mmoja akasema bila kelele, kama mtu anayekumbuka bei ya jana: "Si ni ule koko wa kule juu? Ule balichomea nyumba?"

"Ni ule?"

"Ni ule."

Habari ya Darius ilikuja na yule mwenye moto. Alikuwa ametapika sana, tumbo linamkata, lakini anaongea, anatukana wauguzi. Daktari alisema ataishi. Yale maji ya moto mara mbili yalikuwa yametoa sumu nyingi. Wilfried alitangaza kwa sauti mlangoni: ataishi, ataishi! Watu walimsikiliza, na hakuna aliyeondoka. Kijana mmoja alikuwa ameokota jiwe, analirusha juu kidogo na kulidaka, juu kidogo na kulidaka.

Wilfried akaingia ndani. Akang'oa karatasi ukutani mwenyewe, polepole, asiichane. Kopo la rangi hakuligusa.

"Mama Nadège," akasema, "mi nitaandika kama ilikuwa bahati mbaya. Nitaandika vizuri, na depo nitaiandika, banifukuze kama banataka. Lakini hawa banaosimama hapa hawasomake rapport."

"Najua, Chef."

"Basi toka na mama yako sasa hivi, wakati jua iko, na mi niko hapa ku mulango."

Anastasie akaenda kumchukua mama yake. Koko Georgette alikuwa ameketi kwenye benchi lililopinduka, mikono juu ya fimbo. Alikuwa ameshaelewa. Mzee kama yule anajua sauti ya watu wengi waliosimama bila kuongea.

"Ungeniambia tu," akasema. "Mwanangu, ungeniambia tu."

"Simama, mama."

"Mi ningesikia. Mi siko mutoto."

"Najua, mama. Simama."

Fébronie alikuwa anakusanya vipande vya sahani na kulia kimya. "Mama, sufuria niifanye je?"

"Chimba shimo kwa migomba. Yote, na kitunga chake. Hata imbwa isionje."

"Na utarudia saa ngapi? Nibakishe moto?"

Anastasie alishika kiwiko cha mama yake, wakatoka. Wilfried alitangulia, kaye yake kifuani, akisema pisha, pisha, na watu wakapisha, wakivuta nguo zao ili zisiguswe. Jiwe halikurushwa. Walipita depo ya mahindi, mlango wazi, wapakiaji wakiingiza magunia. Walipita soko, na yule wa kipaza sauti akanyamaza mpaka walipopita. Mwisho wa mji Wilfried alisimama, akawatazama, akarudi.

Wakashika njia ya Lulimba, ile inayopanda. Kule kwenye machimbo ya dhahabu watu hawaulizani wametoka wapi. Kwenye kilima cha kwanza Koko Georgette alisema miguu imekataa. Anastasie akafungua kitenge chake, akainama, akamfunga mama yake mgongoni kama mtoto, akaendelea kupanda bila kugeuka kuliangalia ziwa. Baraka haikumwona tena.